Asali Kwenye Pindo la Kanga

Nilipokuwa mtoto niliapishwa. Mchana kweupe, uani kwa bibi yangu, mbele ya watu waliojaza mikeka miwili, niliapishwa kwamba jambo hili halitatoka kinywani mwangu mpaka mwenyewe aingie kaburini. Basi na wewe niapie kwanza. Lamba kidole, gusa chini, sema hutamwambia mtu, hasa watu wa Mikumi, na hasahasa wale wa pale kwenye mafundi wa matairi. Umeapa? Haya. Mimi navunja cha kwangu, wewe tunza chako, maana haifai viapo vyote viwili vivunjike siku moja.

Wala usidhani navunja kwa umbea. Mdomo wangu naujua, na Kilosa nzima inaujua, lakini hili nimelikalia zaidi ya miaka sitini bila kulitoa hata chembe. Mwenyewe tumemzika mwaka huu, masika yalipoanza. Baada ya matanga nikarudi kwenye nyumba yangu ya vyumba vitatu na mtu mmoja. Redio nawasha tangu asubuhi. Wanachosema sikisikilizi, ila nyumba ikiwa kimya sana naona kama inanitazama.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo mjukuu wangu Upendo, anayekaanga chipsi pale Mikumi barabarani, akanitumia sauti kwenye simu. Malori yanapiga honi nyuma yake, mafuta yanachachatika, naye anapiga kelele kama anayeniita kutoka ng'ambo ya mto.

"Bibi, shikamoo! Bibi, nitafutie jina. Liwe linamfaa wa kike na wa kiume, yeyote atakayekuja. Kipimo tumekataa kuambiwa. Halafu fanya haraka, maana wakwe zangu wa Msowero wameshaanza kuleta ya kwao ya Kisukuma, mama naye ana ya kwake, kila mtu anavuta. Nataka moja la kuwanyamazisha wote!"

Nikaisikiliza mara nne. Nilielewa tangu mara ya kwanza, lakini ilikuwa sauti ya mtu, na siku ile hakuna mwingine aliyekuwa amenisemesha.

Jina la kufaa huku na huku, tena la kunyamazisha. Nalijua moja, na najua lilinyamazisha kwa njia gani.

Tulikaa milimani juu ya Kilosa, mimi na Bibi. Asubuhi ukungu unalala bondeni, unasikia treni inalia stesheni huko chini lakini huioni, na unabaki ukijiuliza ni nani anayesafiri na kama naye anajua kuwa wewe upo. Mama yangu alikufa kwa homa nikiwa na miaka saba. Alikuwa kijana, hajafika hata thelathini. Na kwetu mtu akifa kijana, jina lake linazikwa naye. Haliitwi ovyo, na mtoto hapewi kabisa. Wazee walisema mtoto akipewa jina la aliyekatika njiani, naye atakatikia palepale.

Basi kuanzia siku ya matanga watu wakaacha kumtaja. Wakitaka kusema habari zake wanasema "mama yake Yudithi." Yudithi ndiye mimi. Hebu fikiri, mtu ana jina lake zuri, amelibeba miaka yote, halafu anakufa na jina lake linakuwa wewe. Zamani kila jioni Bibi alisimama kwenye kona ya nyumba akamwita atoke shamba la maharage ng'ambo ya korongo. Alilivuta lile jina mpaka mlima ukalirudisha. Baada ya mazishi hakusimama tena pale. Kuna siku nilishuka korongoni peke yangu nikaliita. Likarudi. Nikaliita tena, likarudi tena, na mara hii lilichelewa kidogo, kama mtu anayefikiri kabla ya kuitika. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikakaa chini ya uchaga wa mahindi, sikumwambia Bibi. Watoto wenzangu walikuwa na wadogo zao wa kubeba. Mimi nilibeba gunzi mgongoni, nimelifunga kanga, naliimbia.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, mama mdogo Damari, mdogo wake mama, akaja kwetu kujifungua. Aliolewa Mikumi, mumewe akiziba pancha za malori. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekufa kabla kitovu hakijakatika, akazikwa bila jina, na tangu hapo mama mdogo alikuwa mtu wa kushtuka hata jogoo akiwika. Huyu wa pili alitoka wa kiume, mwekundu, ana sauti kubwa kuliko mwili wake. Siku ya sita kitovu kikakatika. Siku hiyohiyo akaanza kulia.

Alilia, mwenzangu! Alilia akinyonya, akalia akiogeshwa. Manesi wa leo wangesema ni tumbo au maziwa hayatoshi, na huenda wangesema kweli. Sisi tulisema anadai jina. Kuna mzee wa ukoo amerudi ndani yake na anataka atambuliwe, na asipotambuliwa atachukia, ageuze njia, arudi alikotoka. Mtoto yule wa kwanza wote waliamini aliondoka hivyo. Kwa hiyo mama mdogo alipokuwa anatuangalia na yale macho yake, alikuwa anauliza swali moja tu: jina litapatikana kabla hajaondoka na huyu?

Desturi ya kwetu Wakaguru ilikuwa hivi. Wazee wanakaa uani asubuhi, mjomba mkubwa anachota maji kwenye kibuyu, ananyunyiza, anataja waliotangulia mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto atalinyamazia mara tatu ndilo lake la nyumbani. Lile la kanisani litakuja na mchungaji, hilo halina kelele. Na mtoto habebwi na mtu mzima siku hiyo. Mtu mzima ana jina lake moyoni, atambana mtoto pale anapotaka anyamaze. Anabebwa na mlezi, msichana mdogo asiyejua wazee. Mikono ya mtoto haisemi uongo, walisema.

Nacheka mpaka leo. Mlezi nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza walitaja wazee wa kwetu watatu, mtoto akalia mpaka akabadilika rangi. Wakaahirisha. Kesho yake akaingia Shangazi Perusi kutoka Mikumi, dada wa baba wa mtoto, mwanamke mrefu mwenye mdomo kama wembe mpya. Hakuwa amekaa hata kitini.

"Shikamoo Mama," akamwambia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Pumzika kwanza."

"Nitapumzika mtoto akishaitwa Lugendo. Ni jina la baba yetu. Mnahangaika kutaja watu wenu, mtoto analia kwa sababu mnambishia mlango usio wake."

Mjomba Yeremia, kaka mkubwa wa Bibi, akatema mate pembeni taratibu. "Perusi, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba yako alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa anakoroma. Nani atataka kurudi na hiyo?"

"Afadhali kukoroma kuliko kulia siku tatu."

Watu wakacheka, mama mdogo hakucheka. Nikamwona anaweka kidole mbele ya pua ya mtoto kuangalia kama anapumua. Wakakubaliana: keshokutwa yatatajwa majina ya pande zote mbili, na litakalomnyamazisha hakuna kubishana.

Sasa njoo karibu, hapa ndipo pana uovu wangu.

Bibi alikuwa na kibuyu cha asali ya msituni aliyoletewa na mrina asali, na masega yake humohumo. Ilikuwa dawa ya kifua, watoto hatukuruhusiwa. Mimi nilikuwa naichovya kila siku, nalamba, narudisha gunzi la kuzibia vilevile lilivyokuwa limeinama. Jioni ile nilikuwa nimetoka kuchovya, mama mdogo akanipa mtoto ili akaoge. Akalia. Nikampa kidole atafune, nimesahau kilikuwa wapi. Akanyamaza. Akanyamaza kabisa, akafungua macho yale ya mtoto mchanga yasiyoona, akaninyonya kidole kama mtu aliyepata habari njema.

Usiwape watoto asali, nakuonya, siku hizi kliniki wanakataza na wana sababu zao. Mimi nilikuwa na miaka tisa, sikujua. Nilichojua ni kwamba nina kitu mkononi ambacho Mjomba Yeremia na kibuyu chake hana.

Sikutaka Lugendo wala wazee wetu. Niliwaza kitu kimoja tu: kwamba nikisimama kwenye kona ya nyumba niweze kuita lile jina kwa sauti, na mtu wa kweli aje. Nilijua mwiko. Nilijua wanavyosema, atakatikia palepale. Nililala na hofu hiyo siku mbili, na asubuhi ya tatu nikaamka nayo, nikakata kipande cha sega hata hivyo, nikakifunga kwenye pindo la kanga. Wanawake wote hufunga vitu vyao kwenye pindo. Nani angeuliza?

Wakakaa, mkeka wa kwetu na mkeka wa Mikumi, mimi katikati na mtoto mapajani anayelia. Mjomba akanyunyiza maji. "Kama ni wewe Senyagwa, mtoto anyamaze." Akalia. "Kama ni wewe Chilongola." Akalia. Shangazi Perusi akajisogeza mbele, akataja mwenyewe, "Baba Lugendo!" Mtoto akatapika maziwa, watu wa mkeka wetu wakaangalia chini wasionekane wanavyocheka. Yakatajwa mengine ambayo hata sikuwahi kuyasikia, mpaka Mjomba akainua kibuyu akakitikisa, hakuna maji. Hakuna majina. Alibaki mtoto tu. Naye sasa alikuwa analia kwa sauti ndogo ya kuchoka, ambayo ilitisha kuliko kelele.

"Anaondoka," mama mdogo akasema. "Anaondoka kama mwenzake, nami namwona."

Nikaminya pindo la kanga. Nikatia kidole mdomoni mwa mtoto, nikasema:

"Mawazo."

Mtoto akanyamaza.

Bibi aliyekuwa anakunja majani ya ukindu akaacha. Sijui niseme uso wake ulikuwaje. Ulikuwa kama mlango uliofunguliwa na upepo, mtu yuko ndani hajui kama atoke au aufunge.

"Nani amekutuma useme hilo?" Mjomba akauliza polepole.

"Limekuja lenyewe, Mjomba."

"Ni la mwanamke!" Shangazi Perusi akadakia. "Tena la aliyekufa kijana. Mnataka kutuzikia mtoto?"

"La mwanamke kwa nani?" Mjomba akasema. "Kilangali kuna Mawazo analima mpunga, ana masharubu mpaka masikioni. Hilo jina linakaa popote. Kwa hilo sina tabu." Akasita. "Kwa hilo lingine, la kufa kijana, ninayo."

"Amenyamaza," mama mdogo akasema. "Mjomba, masikio yangu yamesikia kimya. Rudieni."

Nikatoa kidole, mtoto akalia. Mjomba mwenyewe, kwa shingo upande, akasema, "Kama ni wewe, Mawazo." Nikaminya pindo, nikatia kidole kama ninayembembeleza. Akanyamaza. Mara mbili. Watu wakashika vinywa.

Hapo nataka nisimame kidogo, nikuambie yaliyotokea baadaye, kwa sababu nikishafika mwisho sitaki tena kusema neno.

Mtoto hakukatikia njiani. Alikua, akarithi kazi ya baba yake, akaziba pancha Mikumi mpaka kichwa kikawa cheupe. Fundi Mawazo ukimuuliza dereva yeyote wa njia ya Iringa alimjua. Na kwa kuwa alibeba jina la mama yangu, kwa desturi alikuwa mama yangu. Nikifika kwake na kikapu changu nilimwamkia, "Shikamoo Mama," dume zima la ndevu na grisi mpaka viwikoni, nami nimemzidi miaka tisa. Naye anajibu bila kucheka, "Marahaba mwanangu, umekula?" Madereva walikuwa wanakufa kwa kicheko. Walidhani ni utani. Ulikuwa utani, lakini kila mara nilikula, na kila mara nilirudi Kilosa nimeshiba kitu kingine.

Yeye aliamini mpaka mwisho kwamba mama mkubwa wake alimchagua. Alipopata shida alisema, "Kuna mtu alinitaka mimi, mimi hasa." Nani angemwambia kwamba aliyemtaka alikuwa msichana mpweke mwenye asali? Ndiyo maana Bibi alituapisha wote siku ileile. Hata Shangazi Perusi alikufa nalo bila kulisema, na huo ndio muujiza wa kweli katika habari hii.

Wakati mwingine najiuliza kama nilimdanganya. Najiuliza pia ingekuwaje kama wazee wangekuwa na haki, na nilikuwa nimecheza na uhai wa mtoto wa watu ili mimi nipate wa kumwita. Lakini walisema jina la aliyekufa kijana lina njia fupi, na yeye amekufa mzee, wajukuu wamejaa uani. Kwa hiyo jina lenyewe sasa limezeeka. Halina mwiko tena. Upendo anaweza kulichukua, liende kwa wa kike au wa kiume, Msukuma au Mkaguru, na mwezi ujao nikipanda basi kwenda kumwona huyo mgeni, nitamwamkia mtu wa kilo tatu. Maana tangu masika hakuna aliyeniita mwanangu. Ni neno ambalo huwezi kujiita mwenyewe.

Ila nikimpa Upendo jina nitampa na haya. Sitaki tena kulitoa likiwa limefichwa kwenye pindo.

Basi, mara ya tatu.

Mjomba aliinuka kabisa, akavua kofia. Watu wa mikeka yote miwili wakainuka. Shangazi Perusi peke yake alibaki ameinama, haniangalii mimi, anaangalia chini. Nikafuata macho yake. Kutoka kwenye mguu wa kinu, kupitia mkeka wa Mikumi, ukingo wa mkeka wetu, wakipanda gotini kwangu hadi kwenye kanga, walikuja sisimizi. Mstari mmoja mwembamba, mweusi, ulionyooka kama reli ya Kilosa, kila mmoja ana haraka zake. Na wa mbele walikuwa wameshafika shavuni kwa mtoto.

"Kama ni wewe, Mawazo," Mjomba akaanza.

Kidole changu kilikuwa tayari njiani. Shangazi Perusi akaudaka mkono wangu hewani, akauinua juu, juu ya vichwa vyote. Jua likapiga kwenye kidole. Kilikuwa kinang'aa, na asali inateremka polepole kuelekea kiwikoni.

"Mzee wenu huyu hapa!" akapiga kelele. "Mtazameni vizuri aliyerudi!"

Hakuna aliyecheka. Mjomba alishika kofia yake kama mtu aliye msibani. Mama mdogo alikuwa amempangusa mtoto sisimizi, amemkumbatia, ananitazama kama hanijui. Mtoto alikuwa hajaanza kulia bado. Alikuwa anatafuta kidole. Nami nilining'inia pale kwa mkono mmoja, mbele ya ukoo mzima na nusu ya ukoo mwingine, sina pa kutazama.

Bibi akainuka. Alichukua muda mrefu kufika. Nilifumba macho nikingoja kofi. Badala yake nikasikia mkono wangu unashushwa, kisha joto kwenye kidole. Bibi alikuwa amekitia mdomoni mwake, analamba ile asali taratibu, kama anayeonja chakula cha mtu aliyekuwa anamfahamu. Machozi yanateremka hayafuti.

Kisha akageuka kwenye kona ya nyumba, ile inayoelekea shamba la maharage, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mwanawe, mkono wangu wa mwizi bado umo ndani ya mkono wake, akaliita lile jina, akalivuta mpaka mlima ukalirudisha.